Korongo wa Waya

Odilia Komba hakuwahi kuogopa urefu mpaka siku alipopandishwa juu bila kumkanyaga mtu.

Kabla ya hapo, juu palikuwa mahali pake pa kazi, kama jiko lilivyo kwa mpishi. Alikuwa kilele cha mnara. Katika kundi lao la sarakasi, watu saba waliotoka Tanzania kwa mkataba mmoja, yeye ndiye aliyekuwa na umbo dogo kuliko wote, kwa hiyo ndiye aliyepanda mwisho. Alikanyaga mapaja, kisha viuno, kisha mabega ya wenzake, mpaka akasimama juu yao wote na mikono ameinyoosha, ziwa la bustani likimeremeta upande mmoja na wageni wakishangilia upande wa pili, matunda na mbegu za alizeti mapajani.

Mnara ulikuwa na desturi yake. Kabla hajapanda bega la mtu, Odilia aliweka kiganja utosini mwake, na mwenye bega akajibu, "Nipo." Asipojibu, hukanyagi. Muziki uishe, laoban anune, hukanyagi. Laoban ndilo jina la bosi yeyote huku Guangzhou, China, awe wa duka la viatu au wa bustani nzima. Na mtu akishajibu, humpi nusu ya uzito wako. Unampa wote, papo hapo, bila kuchungulia chini, kwa sababu ni huo uzito wa nusunusu unaovunja watu shingo. Kwa miaka mingi neno lile halikuwa likipita akilini kabisa. Lilitoka kinywani mwa Khatib, aliyekuwa msingi wa mnara, likaingia moja kwa moja kwenye miguu ya Odilia.

Khatib alikuwa mtu wa Makunduchi, mpana kama mlango, mcheshi. Odilia alikuwa Mngoni wa Songea, mwenye maneno machache. Walipoanza kazi Khatib alimwambia, "Mie nimezoea kubeba magunia ya karafuu. We si hata pishi moja. Panda tu." Akapanda.

Bustani yao iliitwa Bustani ya Korongo Mweupe, nje kidogo ya mji upande wa kusini, mahali ambapo treni ya chini ya ardhi hutoka ardhini na abiria wachache waliobaki huanza kuchagua viti. Haikuwa ya kifahari hata ilipokuwa mpya. Ilikuwa na gurudumu kubwa lenye vibanda vilivyopakwa rangi upya kila mwaka, mpaka milango ikawa migumu kufunga kwa unene wa rangi. Ilikuwa na merikebu ya mbao iliyobembea mbele na nyuma ikilia kama kitanda cha zamani. Ilikuwa na pango la mashetani, na mashetani wenyewe walikuwa vijana wa pale jirani waliovaa nywele za katani, ambao saa ya chakula ungewakuta nyuma ya pango wakila tambi na vinyago vyao wamevigeuzia kisogoni. Watu walipiga kelele ndani ya pango lile, halafu wakatoka wakicheka, kwa sababu shetani akimkamata mtoto akalia kweli, shetani huyohuyo alivua kinyago na kumbembeleza. Na saa kumi jioni, kando ya ziwa, ulisimama mnara wa watu.

Kisha bustani ikauzwa. Wenye mali wapya walianza na gurudumu. Likakatwa vipande na kuondoka kwa malori. Mahali pake wakajenga jengo jeusi lisilo na madirisha. Ndani unakaa kwenye kiti, unavaa miwani mizito, na kiti kinatetemeka huku macho yako yakionyeshwa mji kutoka juu, mji safi usio na mtu hata mmoja barabarani. Merikebu ikafungwa isibembee tena, ila skrini iliyo mbele yake ndiyo inayobembea. Pangoni mashetani sasa ni picha za mwanga zinazokupita mwilini. Hakuna anayekushika, na hakuna wa kuvua kinyago ukilia. Odilia aliwahi kusimama mlango wa kutokea akawatazama wageni. Walitoka kimya, wakipangusa macho, kila mmoja akitafuta simu yake.

Wageni wa zamani walikuja bado, sasa na watoto wao. Baba mmoja alizunguka kando ya ziwa mara kadhaa, akamsimamisha Odilia asijue ni nani. "Samahani," akamwambia. "Zamani hapa palikuwa na watu." Alionyesha kwa mkono jinsi walivyopandana. Odilia akamjibu kwa Kichina chake kizuri cha miaka mingi kwamba wameondoka. Hakujua kwa nini hakusema zaidi. Yule baba akamwambia mwanawe, "Unaona? Sikukudanganya, walikuwepo."

Waliondoka kweli, mmoja mmoja, kadiri mikataba ilivyokwisha bila kuandikwa upya. Murshid alihamia mtaa wa Zhanqian, akawa anawatembeza wanunuzi wa nguo kutoka Dar. Wengine walirudi nyumbani. Wakabaki wawili. Khatib, kwa kuwa alikuwa mpana na watoto walimpenda, alipewa vazi la kiboko mwenye tai shingoni, azunguke bustanini akipiga picha na wageni. Kiboko huyo alikuwa na sharti moja kubwa, kwamba kichwa hakivuliwi mbele ya mgeni kwa sababu yoyote, hata ukizimia.

Odilia aliitwa ofisini kwa Bi Fang, msimamizi mpya wa maonyesho, mwanamke mwembamba aliyeongea akitembea. Wanatengeneza onyesho jipya, akamwambia, ndani ya ukumbi, juu ya bwawa. Korongo mweupe atapaa kwa waya, akiongozwa na kompyuta. Wanahitaji mtu mwepesi asiyeogopa urefu. "Ukifanya vizuri siku ya ufunguzi, nakupa mkataba. Usipoweza, sina nafasi nyingine kwako." Bila mkataba hakuna kibali cha kuishi, na bila kibali ni uwanja wa ndege. Odilia alikuwa na umri wa kukaribia arobaini. Kundi lao nyumbani lilikuwa limeshavunjika, na nje ya kusimama juu hakuwa na kazi aliyoijua wala aliyoitaka.

"Naweza," akasema.

Siku ya mazoezi ya kwanza fundi wa mitambo, kijana mpole anayeitwa Liang, alimvika mkanda wa kiunoni na mapajani. Waya mbili nyembamba zilishikizwa nyongani, moja kila upande, na mbele yake ukaning'inia ufito wa chuma wa kushika kwa mikono. Mkanda ulikuwa mkubwa. Ulishonwa kwa vipimo vya mtu mwingine ambaye hatimaye hakuja. Liang aliuvuta mpaka tundu la mwisho, akatikisa kichwa, akauvuta tena.

"Nani ananishika?" Odilia akauliza.

"Programu."

"Iko wapi?"

Liang akanyoosha kidole kwenye sanduku la kijivu ukutani lenye taa ya kijani. Wafanyakazi wengine wakacheka, wakidhani ametania. Odilia aliitazama ile taa. Alikuwa ameuliza kwa dhati.

Halafu sakafu ikamwacha. Hakuna aliyempandisha. Hakukuwa na bega wala pumzi ya mtu chini yake, wala misuli ya mtu ikijikaza kumpokea. Ukumbi ulikuwa giza, na kuta zote zilikuwa skrini zenye mawingu yaliyokwenda upande mmoja, na bwawa chini likaakisi mawingu yaleyale, kwa hiyo hakuweza kujua chini ni wapi. Akashika ufito mpaka vidole vikafa ganzi. Aliposhushwa aliomba maji, akanywa amewapa kisogo wenzake ili wasione glasi inavyogonga meno.

Hofu haikubaki ukumbini. Ilimfuata. Siku ya mapumziko alipokwenda Xiaobei, mtaa wa Waafrika, kusukwa nywele, alifika katikati ya daraja la waenda kwa miguu akasimama kama aliyesahau kitu. Magari yalipita chini yake. Mama wa Kiguinea aliyebeba mabegi ya viatu alimsukuma kwa nyonga, kama anayesema "Sogea, dada!", na Odilia akashika reli, akavuka kwa ubavu kama kaa. Yeye, aliyewahi kusimama kwa mguu mmoja juu ya watu sita kwenye upepo.

Jioni ile alimkuta Khatib kwa Chausiku, mgahawa mdogo mtaa wa Dengfeng, ghorofani juu ya maduka ya simu. Chausiku, mwenyeji wa Temeke, alikuwa akipika pilau na kugombana na mteja kwa wakati mmoja.

"Huyo kiboko wenu nimemwambia anunue kiti chake," Chausiku akamwambia Odilia. "Vyangu viwili ameshavunja."

"Usinisingizie, mama," Khatib akasema. "Viti vyako vya Kichina, vinavunjika hata nikivitazama." Akamwangalia Odilia vizuri, akaacha kutafuna. "We una nini? Umekuwa kama mtu aliyetolewa kaburini."

Odilia alisema hana kitu. Khatib akangoja. Alikuwa amembeba miaka mingi. Alijua uzito wake ukiwa na shibe, ukiwa na homa, ukiwa na msiba.

"Ule waya," Odilia akasema mwishowe, polepole. "Hausemi kitu."

"Utasemaje na ni waya?"

"Ndiyo hilo, Khatib. Nakwenda juu na hakuna aliyenijibu. Najua nitaanguka. Sijui siku, lakini najua."

Khatib hakucheka. Alifuta mikono. "Mie nilikuwa nabeba watu sita, saa hizi nabeba tumbo la sponji na mikia miwili ya akiba. Usidhani sijui walivyotufanya." Kisha akasema, "Sikiza. Siku ya ufunguzi wamenipanga ukumbini, kando ya bwawa, niwapungie watoto. Ukitoka tu, mie nitakwita. Nitasema 'Nipo.' Basi. Utajua yupo mtu wako chini."

"Utasikika ndani ya hilo likichwa?"

"Mie? Makunduchi nikikohoa wanafunga madirisha mjini."

Odilia akacheka, kwa mara ya kwanza tangu mazoezi yaanze. Akala pilau yote. Chausiku alimwongezea bila kuulizwa. Hakuna hata mmoja wao aliyeona kosa katika mpango ule. Ulikuwa wema mtupu, na ni watu wa mnara tu wangeweza kuufikiria.

Siku ya ufunguzi ukumbi ulijaa. Odilia alisimama kwenye kijukwaa kilichofichwa nyuma ya skrini, mabawa meupe mgongoni, Liang akivuta mkanda mpaka tundu la mwisho. "Usiachie ufito mpaka utue," Liang akamwambia, kama alivyomwambia kila mara. "Mwili ukiinama mbele, waya zinakugeuza."

"Najua."

Taa zikazimwa. Mawingu yakaanza kutembea. Waya zikakaza, na mbao za kijukwaa zikaondoka chini ya nyayo zake.

Alisikiliza. Hakusikia kitu ila muziki. Khatib alikuwa akitaka kutazama juu, lakini ndani ya kichwa cha kiboko aliona kupitia mdomo tu, mwanya wa upana wa viganja viwili, na mwanya ule ulikuwa umeelekea kwa watoto waliomvuta tai. Odilia akapita ukingo wa bwawa. Akafika katikati. Mikono ilikuwa ikitoka jasho kwenye chuma. Hayupo, akawaza. Amezuiwa. Niko peke yangu. Na hapo hasa, kutoka gizani, chini yake kabisa, ikaja ile sauti nzito:

"Nipo!"

Mguu wa kulia ulishuka. Hakuuamuru. Ulishuka kutafuta bega, kama ulivyoshuka maelfu ya mara, na mwili wote ukaufuata, uzito mzima, papo hapo, bila kuchungulia. Vidole vikaachia ufito kwa sababu kileleni hakuna anayeshika kitu.

Hakukuwa na bega. Nyonga zikapinduka, mawingu yakageuka, na Odilia akawa ananing'inia kichwa chini, mabawa yakimfunika uso. Alisikia mkanda ukiteleza kutoka kiunoni kwenda mapajani. Akajaribu kujikunja aushike ufito, lakini ufito ulikuwa umeshakwenda mbele. Mkanda ukateleza tena.

Na mtambo haukusimama. Ulikuwa na njia yake ya kumaliza. Ulimbeba vilevile, taratibu, ukampandisha kwenye kilele cha onyesho, mahali pa juu kabisa chini ya paa, na muziki ukapanda naye. Watu wakapiga makofi. Simu zikainuliwa. Odilia alipiga yowe, na walio karibu wakashangilia yowe.

Khatib aliona sasa. Alipiga kelele, "Simamisheni! Simamisheni!" na watoto wakaangua kicheko, kwa kuwa hawajapata kumsikia kiboko akisema. Alikimbia kwa miguu ile minene ya sponji, akaanguka, akainuka. Wakacheka zaidi. Ndipo akashika kichwa kwa mikono miwili, akakichomoa na kukitupa sakafuni. Kicheko kikakatika upande ule. Mama mmoja akamfunika mwanawe macho.

Kwenye chumba cha mitambo Liang alikuwa amekaa mbele ya kioo chake, na kila kitu kiooni kilikuwa kijani. Khatib alipoingia mbio akamshika bega na kumgeuza atazame bwawani, uso wa kijana yule ulikwisha damu. Mkono ulikwenda kwenye swichi nyekundu, ukasita juu yake.

"Nikizima atabaki kulekule juu," akasema. "Ngazi haifiki. Mkanda hautamngoja. Nikiacha, itamshusha yenyewe."

"Itamshusha wapi?"

Liang akaonyesha jiwe la bandia katikati ya maji.

Khatib aliingia bwawani na tumbo lake la kiboko. Sponji ikanywa maji, ikawa nzito kama mtu wa pili, na yeye akaisukuma mbele mpaka akafika kwenye jiwe. Juu yake Odilia alikuwa akishuka, polepole, polepole kiasi cha kumchukiza Mungu. Mkanda sasa ulikuwa magotini. Alikuwa amekunja miguu na kuikaza kama popo, na mapaja yalikuwa yakitetemeka. Hakuwa akipiga kelele tena. Alikuwa akihesabu pumzi, alisema baadaye, kwa sababu kila pumzi ilikuwa ikiutelezesha mkanda kidogo.

Mkanda ukaachia alipokuwa amebakiza kimo cha mtu mmoja. Khatib alimdaka kwa mikono na kifua, wakaenda chini ya maji pamoja, wakatoka wakikohoa. Mabawa yalielea kando yao. Skrini zikaonyesha jua likichomoza, kama zilivyopangwa, na ukumbi mzima ukasimama ukapiga makofi.

Bi Fang aliwakuta nyuma ya jukwaa, Odilia amefungwa taulo, Khatib ameketi sakafuni akikamua tumbo lake. Alikuwa ameshika simu, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo Odilia hakuielewa mara moja.

"Wamelipenda onyesho," akasema. "Hawakulipenda hivi hata kwenye majaribio. Kuanguka, yule kiboko, yote. Video inazunguka tayari. Mkataba wako nitaleta kesho." Akamgeukia Khatib. "Wewe ulivua kichwa. Nimekuandikia onyo. Lakini kwenye onyesho jipya utakivua, tutalipangia muziki."

"Onyesho jipya lipi?" Khatib akauliza.

"Hilihili. Kesho saa kumi. Liang ataurekebisha mkanda uteleze mpaka pale pale, usiachie. Salama kabisa."

Liang alikuwa ukutani, karibu na sanduku la taa ya kijani. Alikuwa akitazama mikono yake.

Odilia alikuwa bado ameketi. Mkataba alioutaka ulikuwa mbele yake. Angebaki. Angekuwa juu kila jioni. Aliona paa la ukumbi, mawingu yakienda, na zile nyuso zenye mwanga wa simu zikingoja ateleze.

"Siwezi," akasema.

"Umeshaweza. Mimi nimeona."

"Naogopa," Odilia akasema. Lilikuwa neno ambalo hakuwa amelisema kwa bosi yeyote tangu alipoanza kazi, na lilipomtoka alilisema tena, kwa Kichina, kisha kwa Kiswahili, kama anayempa mtu kitu kizito kwa mikono miwili. "Naogopa sana, Bi Fang. Nilianza kuogopa siku ya kwanza."

Bi Fang akatazama simu yake, akamgeuzia Odilia aone. Ulikuwa uso wake mwenyewe, umepinduka, mdomo wazi. "Ndiyo," akasema kwa upole kabisa. "Inaonekana vizuri sana."

Khatib alisema jambo kwa Kiswahili ambalo si la kuandika. Kisha akamnyooshea Odilia mkono, na Odilia akasimama. Alivua vikuku vyenye manyoya, akaviweka juu ya kiti, akafunga taulo vizuri, akauliza mlango wa kutokea usio na ngazi uko upande gani.

Ulikuwa mmoja tu, wa wageni. Wakatokea hapo, katikati ya watu waliokuwa wakirudia video na kuelekezana. Msichana mmoja mwenye kikombe cha chai alimtambua Odilia kwa nywele zilizoloa, akashika mkono wa mwenzake. "Ni yeye!" Akamsogelea kwa adabu, akauliza kama kesho pia ataanguka, kwa sababu kesho anamleta mama yake.

Odilia akamtazama. Alikuwa na uso mzuri, usio na ubaya wowote.

"Kesho sipo," akamwambia. "Lakini huenda kukawa na mtu mwingine. Ukimwona amepiga kelele, usishangilie. Mwite fundi."

Msichana akaitikia kwa kichwa kwa heshima, kama anayepewa siri ya mchezo, na nyuma yake milango ya ukumbi ikafunguliwa kwa wageni wa saa kumi na mbili, waliokuja kutazama skrini peke yake.